UZI: Configure inalia "not found" na kitu nimeshakiweka. Vitegemezi husakwaje?

sautiya3 · Jumanne, saa 3:20 usiku

Wadau, hamjambo. Naomba msaada kabla sijairusha hii laptopu dirishani, na niko orofa ya tatu.

Nasimamia mitambo ya redio ndogo ya mtandaoni huku River Road, chumba kimoja juu ya duka lililokuwa likiuza kanda za injili na siku hizi linauza vifuniko vya simu. Wasikilizaji wetu wengi ni watu wa bando la kuokoteza: mlinzi wa geti zamu ya usiku, mama mboga, kondakta aliyekwama kwenye foleni ya steji. Tunarusha sauti kwa kbps 128. Siku moja nikapiga hesabu nikashtuka: hiyo ni karibu MB 58 kila saa. Mtu akifuata ibada ya muda wa saa mbili, bando linakata kabla ya sadaka. Pasta hajafurahia hilo hata kidogo.

Nimesoma kwamba HE-AAC v2, namna ya kubana sauti iwe ndogo, kwa kbps 32 inasikika vizuri, nayo ni MB 14 na ushei kwa saa. Shida ni kwamba ffmpeg, programu tunayobania sauti na video, enkoda yake yenyewe ya AAC haifanyi HE-AAC. Inatakiwa maktaba ya nje, libfdk_aac, na ffmpeg inayokuja na Debian, Linux ninayotumia, haikujengwa nayo. Basi ni kukompaili mwenyewe kutoka chanzo: configure inakagua kama vitegemezi (maktaba zinazohitajika) vipo, halafu make inajenga. Jumapili tunarusha na video, ndiyo sababu nataka x264 (ya kubana video) pia, na MP3, kupitia lame, kwa wanaopakua mahubiri.

Mashine ni ThinkPad ya mtumba kutoka Luthuli, Debian 12. Niliandika hivi:

./configure --enable-gpl --enable-libx264 --enable-libmp3lame --enable-libfdk-aac

Ikakataa kwa sababu ya leseni, nikaongeza --enable-nonfree. Ikasema:

nasm/yasm not found or too old. Use --disable-x86asm for a crippled build.

Hiyo niliielewa, nikaweka nasm. Halafu "ERROR: libfdk_aac not found". Nikajaribu apt install libfdk-aac-dev, nikajibiwa "Unable to locate package". Nikasema wacha niiondoe kwanza nione zingine zinasemaje. Ikaja:

ERROR: libmp3lame >= 3.98.3 not found

Sasa hapa ndipo damu ilichemka. Lame ninayo! Nikiandika apt install lame inaniambia iko tayari, toleo jipya kabisa. Nikiandika lame kwenye terminali inajibu. Configure inatafuta wapi?


Bila_Bando · Jumanne, saa 3:31 usiku

Kaka mbona ujitese. Kuna skripti moja mtandaoni, unaibandika kwenye terminali na sudo mbele, inakuwekea kila kitu hadi asubuhi.


dada_wa_Ngara · Jumanne, saa 3:44 usiku

@Bila_Bando hiyo skripti inapakua vitu ambavyo hujui ni nini, kwa bando ambalo jina lako linasema huna.

@sautiya3, tulia kwanza. Unayo lame ya kutumia, huna lame ya kujengea. Debian hugawa maktaba moja vipande. Kuna pakeji ya programu (lame), kuna ya maktaba inayotumika programu ikiwa inaendeshwa (libmp3lame0), na kuna ya wajenzi (libmp3lame-dev). Hiyo ya mwisho ndiyo yenye faili za heda, zile za .h, na kile kiungo kinachoitwa libmp3lame.so bila namba mwisho. Linka, inayounganisha programu na maktaba, ikiambiwa -lmp3lame hutafuta jina hilo lisilo na namba. Ikikuta libmp3lame.so.0 peke yake inapita kama haijaiona.

Fikiria kibanda cha chakula. Jikoni githeri iko, inachemka, harufu umeisikia. Lakini ukutani hakuna menyu na mwenye kibanda hazungumzi. Mgeni ataagiza nini? Heda ndiyo menyu. Kompaila ni mgeni.

sudo apt install libmp3lame-dev


sautiya3 · Jumanne, saa 3:58 usiku

Dada, Mungu akubariki. Lame imepita. Sasa inasema "ERROR: x264 not found using pkg-config". Kwa akili zangu mpya nikaandika apt install x264-dev. Haipo. Nikaandika libx264. Haipo. Hizi pakeji hupewa majina na nani?


Mzee_Makefile · Jumanne, saa 4:25 usiku

Kijana wangu, sasa umefika mahali penyewe, na ukipaelewa hapa hutatusumbua tena. (Utatusumbua, lakini kwa maswali mazuri.)

Angalia kitu hicho kimoja kina majina mangapi. Kwenye configure kinaitwa --enable-libx264. Kwa pkg-config, chombo kinachoiambia configure maktaba iko wapi, kinaitwa x264, yaani faili ya x264.pc. Pakeji ya wajenzi ni libx264-dev. Na pakeji ya maktaba yenyewe katika Debian 12 ni libx264-164. Ni kama mtu mwenye jina la kanisani, la nyumbani, la kwenye kitambulisho na lile wanalomwitia steji. Ukiuliza kwa jina la steji ofisini kwa chifu, utaambiwa hakuna mtu kama huyo.

Kwa hivyo usibahatishe jina la pakeji. Kosa karibu kila mara halitaji pakeji, linataja faili. Kazi yako ni mbili tu: ujue ni faili gani hasa imekosekana, halafu uiulize mashine faili hiyo hukaa katika pakeji gani.

La kwanza. Mstari wa mwisho kwenye skrini ni muhtasari wa mtu aliyekasirika. Habari kamili iko kwenye logi. Kwa ffmpeg ni ffbuild/config.log, na mwisho wake ndipo penye jaribio lililoanguka, kwa hiyo

tail -n 40 ffbuild/config.log

inatosha. Lakini miradi mingi inayotumia autoconf (chombo cha kuzalisha configure) ina config.log papo hapo kando ya configure, na huko tail itakudanganya, kwa sababu mwishoni wanamwaga orodha ndefu ya thamani zao zote. Panda juu, utafute neno "error:" karibu na jaribio la mwisho. Utaona configure iliandika programu ndogo ya C ya mistari minne mitano, ikampa gcc, yaani kompaila, na gcc akalia. Kilio cha gcc ndicho ukweli. Kitakuwa kimojawapo cha hivi:

fatal error: lame/lame.h: No such file or directory

Hapo heda haipo.

cannot find -lmp3lame

Hapo heda iko ila maktaba ya kuunganisha haipo.

Package x264 was not found in the pkg-config search path

Hapo ni faili ya .pc. Na kuna cha nne, "undefined reference", hicho ni mnyama mwingine, nitakirudia.

La pili, jina la pakeji:

sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search x264.pc
apt-file search lame/lame.h

Inakujibu jina la pakeji, nukta mbili, halafu njia ya faili. Ukiandika lame.h peke yake bila folda utaletewa na vitu ambavyo hukuvitafuta, kwa hiyo andika njia jinsi gcc alivyoitaja. Na usitarajie kila maktaba iwe na .pc. Lame ya Debian haina, ndiyo maana ile erori yako ya lame haikutaja pkg-config popote. Huko utatafuta kwa heda tu.


Bila_Bando · Jumanne, saa 4:33 usiku

Mzee, apt-file update inavuta MB ngapi? Nauliza kwa niaba ya rafiki.


dada_wa_Ngara · Jumanne, saa 4:40 usiku

Inavuta orodha ya kila faili ya kila pakeji, si kidogo. Rafiki yako afungue packages.debian.org kwenye simu, ateremke hadi sehemu ya kutafuta yaliyomo ndani ya pakeji, aandike lame.h, achague bookworm, ndiyo Debian 12. Jibu ni ukurasa mmoja mwepesi. Mimi huwa nafanya hivyo nikiwa kwenye matatu, nikifika ofisini naandika apt install mara moja tu.


sautiya3 · Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Nimelala saa nane usiku lakini nimelala nikitabasamu. x264 imepita. Sasa nimerudisha --enable-libfdk-aac. Logi inasema fdk-aac/aacenc_lib.h haipo. Nikafanya alivyosema Mzee:

apt-file search aacenc_lib.h

Kimya. Haileti hata mstari mmoja. Kwenye tovuti ya Debian kwa simu, iko, libfdk-aac-dev. Kwa hiyo jina langu la jana lilikuwa sahihi na bado mashine inasema haiijui. Mbona?


dada_wa_Ngara · Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Kwa sababu iko kwenye mtaa (sehemu ya hazina ya pakeji za Debian) ambao mashine yako hairuhusiwi kuingia. Fungua /etc/apt/sources.list usome mwisho wa mistari. Nadhani utakuta "main non-free-firmware".

Hapo ndipo watu wengi wa Debian 12 hukwama. Wanaona neno non-free wanadhani mambo yameisha. Kabla ya toleo hilo la 2023, firmware (programu za ndani ya vifaa) za kadi za mtandao zilikuwa zimechanganywa ndani ya non-free. Zikatengewa mtaa wao, non-free-firmware, na ndio unaowashwa wakati wa kusakinisha. Non-free yenyewe bado imefungwa hadi uiwashe, na fdk-aac inakaa huko kwa sababu ya leseni yake. Mistari yako iwe hivi mwisho:

main contrib non-free non-free-firmware

Kisha sudo apt update, na sudo apt-file update tena, maana apt-file husoma mitaa ile ile tu iliyowashwa. Ndiyo sababu ilinyamaza. "Haipo" ya apt-file ina maana "haipo katika ninakoruhusiwa kuangalia".


sautiya3 · Jumatano, saa 2:30 asubuhi

IMEPITA! Configure imefika mwisho. Make inakimbia. Naenda kununua mandazi.


KofiaNyekundu · Jumatano, saa 3:10 asubuhi

Nawapisha watu wa Debian na mitaa yenu. Sisi wa Fedora, Linux nyingine, tunauliza hivi na tunalala mapema:

dnf provides '*/lame/lame.h'

Hatuhitaji pakeji ya ziada wala orodha ya kusasisha kando. Na kama kosa limetaja .pc, huhitaji hata kujua pakeji inaitwaje:

sudo dnf install 'pkgconfig(libass)'

Inajitafutia. Huku pakeji za wajenzi huisha kwa -devel badala ya -dev, basi.


dada_wa_Ngara · Jumatano, saa 3:18 asubuhi

Sema pia kwamba x264 haimo kabisa kwenye Fedora yenyewe, mpaka mtu aongeze RPM Fusion, hazina ya nje. Mitaa iko kila mahali, bwana Kofia.


KofiaNyekundu · Jumatano, saa 3:20 asubuhi

Sikutaka kuharibu hadithi.


mtumba_ThinkPad · Jumatano, saa 4:02 asubuhi

Nashangaa hakuna aliyetaja njia ya mkato. Kama programu unayokompaili tayari iko Debian, hata kama ni toleo la zamani, watu wa Debian walishaandika vitegemezi vyake vyote vya kujengea. Weka mistari ya deb-src (ya pakeji za chanzo) kwenye sources.list (wa Ubuntu 24.04, yenu iko /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, mnabadilisha "Types: deb" iwe "Types: deb deb-src"), apt update, halafu:

sudo apt build-dep ffmpeg

Imekwisha.


Mzee_Makefile · Jumatano, saa 4:30 asubuhi

Ni njia halali na mimi huitumia, ila kwa ffmpeg hasa ningemwonya. Debian huijenga ffmpeg ikiwa na karibu kila kitu chini ya jua: kusoma diski za Blu-ray, kamera za FireWire, sauti za kila namna. build-dep itakuvutia heda za vyote hivyo. Yeye anataka vitu vitatu. Apige kwanza apt-get build-dep -s ffmpeg aone urefu wa orodha kabla ya kukubali.

Jingine, hutaweza kuziondoa kirahisi baadaye, utasahau ulizozileta. Ukitaka usafi, weka devscripts na equivs, kisha mk-build-deps -i ffmpeg kwa sudo. Inatengeneza pakeji moja bandia, ffmpeg-build-deps, inayozishika zote. Ukimaliza unaifuta hiyo moja, unapiga apt autoremove, nyumba inafagiliwa.

Na hata baada ya hayo yote, build-dep isingemletea libfdk-aac, kwa sababu Debian haiitumii. Ile moja aliyoihitaji ndiyo ingebaki nje.


sautiya3 · Jumatano, saa 6:50 mchana

Jamani. Stima ilipotea make ikiwa katikati, na betri ya hii mashine ilikufa kabla sijainunua. Stima imerudi, nimeandika make tena, imeendelea ilipoachia, nikafurahi. Mwishoni inasema kuna faili ya .o isiyotambulika, "file format not recognized". Je, ni kitegemezi kingine?


dada_wa_Ngara · Jumatano, saa 7:05 mchana

Hapana, ni stima. Make huangalia saa ya faili, haiangalii yaliyomo. Umeme ulikatika faili ikiwa imefunguliwa na haijaandikwa, ikabaki tupu, na make ikiiona ina tarehe mpya inadhani kazi imekwisha. Tafuta zenye ukubwa wa sifuri uzifute:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Make tena. Ikigoma bado, make clean uanze upya, na ununue betri.


sautiya3 · Jumatano, saa 9:40 alasiri

Imekubali. Nimeweka. Nimejaribu:

ffmpeg -i ibada.wav -c:a libfdk_aac -profile:a aac_he_v2 -b:a 32k ibada.m4a

Wadau, faili ni ndogo kiasi kwamba nilidhani imekosea. Nimemsikilizisha bibi anayefagia jengo, akaniuliza kwani kuna tofauti gani na ile ya kwanza. Hilo ndilo jibu nililolitaka.

Lakini sasa, na hili linaniumiza kichwa. Huwa tunachukua taarifa ya habari kutoka kwa mwenzetu kwa kiungo cha https. ffmpeg ya zamani ilikuwa inakisoma. Hii yangu mpya inasema:

https protocol not found, recompile FFmpeg with openssl, gnutls or securetransport enabled.

Configure haikulalamika popote! Na ffplay, kichezeshi chake, nayo haipo kabisa, haikujengwa.


Mzee_Makefile · Jumatano, saa 11:15 jioni

Hapa ndipo nilipokuwa nakusubiri.

Vitegemezi ni vya aina mbili. Kuna vinavyopiga kelele na kuna vinavyonyamaza. Ulivyoviomba kwa --enable vikikosekana, configure husimama. Usivyoviomba, huamua yenyewe. ffplay inahitaji SDL2. Configure ikiikuta inaijenga, isipoikuta inaendelea na safari bila kusema neno. TLS, inayohitajika kwa https, haiwashi kabisa mpaka uiombe. Kwa hiyo build yako ilifaulu kwa kila kipimo cha kompyuta na ikashindwa kwa kipimo chako wewe.

Dawa ni kusoma ule muhtasari ambao configure humwaga mwishoni, ule ambao kila mtu huutazama ukipita kama matangazo ya vifo. Una sehemu za maktaba za nje, programu zitakazojengwa, itifaki. Uhifadhi:

./configure ... | tee muhtasari.txt
grep -w https muhtasari.txt

Ukitoka mtupu, usianze make. Kwako: libgnutls28-dev na libsdl2-dev, uongeze --enable-gnutls, configure upya.


dada_wa_Ngara · Jumatano, saa 12:30 jioni

Niongeze la kwangu maana linafanana, na lilinigharimu Jumamosi nzima. Tulikompaili Python kwenye seva ya mteja. Make ikaisha vizuri, tukaweka, tukaenda nyumbani. Kesho yake programu ya mteja: "No module named '_ctypes'". Tukirudi kwenye logi ya make, karibu na mwisho, iko pale wazi kabisa: "The necessary bits to build these optional modules were not found", na chini yake majina, _bz2, _lzma, _sqlite3, _ctypes. Python haikuona aibu kujijenga bila viungo vyake. Tuliweka libffi-dev, libbz2-dev, liblzma-dev, libsqlite3-dev, tukajenga tena. Bosi aliuliza kwa nini hatukuiona. Nilimwambia ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha upole mno.


mtumba_ThinkPad · Jumatano, saa 1:45 usiku

Mzee, uliahidi kile cha nne. "Undefined reference".


Mzee_Makefile · Jumatano, saa 2:20 usiku

Nakumbuka. Kaeni vizuri.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuhamisha programu ya zamani ya kutuma SMS kutoka seva iliyochoka hadi mpya. Chanzo tulikuwa nacho, aliyekiandika alishahama nchi. Configure: OpenSSL, maktaba ya usimbaji, haijapatikana. Nikaangalia, libssl-dev iko. Heda ziko. libssl.so iko. pkg-config --modversion openssl inajibu bila wasiwasi. Kijana niliyekuwa naye alikuwa ameshaiondoa na kuiweka libssl-dev mara tatu, kila mara akiwa na imani zaidi.

Tukafungua config.log. Gcc hakusema heda haipo. Hakusema "cannot find -lssl". Alisema:

undefined reference to `SSL_library_init'

Yaani: maktaba nimeipata, nimeifungua, na hicho unachokiulizia hakimo ndani. Configure ya zamani ilipotaka kujua kama OpenSSL ipo, iliuliza swali moja tu: je, kuna fankisheni inayoitwa SSL_library_init? Na OpenSSL 1.1.0, iliyotoka 2016, iliiondoa kama fankisheni ndani ya maktaba. Ikabaki jina tu kwenye heda, makro inayoelekeza kwingine. Kwa hiyo kila programu iliyoandikwa kuuliza swali hilo ilianza kusema OpenSSL haipo, kwenye mashine ambazo OpenSSL imejaa tele.

Ukiiona hiyo, acha kuweka pakeji. Hakuna pakeji iliyokosekana. Kilichopo ni programu ya zamani na maktaba mpya, na kazi inayofuata ni nyingine: kutafuta toleo jipya la programu, au kiraka, au kubadilisha lile swali ndani ya configure.ac. Sisi tulibadilisha swali liwe SSL_CTX_new, likajibiwa. Halafu make ikaanguka mahali pengine kumi na moja, kwa sababu msimbo wenyewe ulikuwa ukigusa vitu vya ndani ambavyo OpenSSL mpya imevificha. Kazi ya siku moja ikawa ya wiki. Nililipwa ya siku moja.


KofiaNyekundu · Jumatano, saa 2:41 usiku

Mzee, hiyo ya malipo ni kitegemezi kinachonyamaza.


mtumba_ThinkPad · Jumatano, saa 3:00 usiku

Na kuna ile ya kujenga maktaba mwenyewe, inaingia /usr/local, halafu programu inayofuata inasema haipo. Angalia pkg-config kama inaiona:

pkg-config --cflags --libs jina

Kama haioni, mwonyeshe njia: export PKG_CONFIG_PATH=/usr/local/lib/pkgconfig. Na ikishajengwa kisha ikakataa kuendeshwa, "error while loading shared libraries", hiyo si ya kompaila tena. Jaribu sudo ldconfig, inayosasisha orodha ya maktaba za mashine, kabla ya jambo lingine. ldd, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, ikikuonyesha "not found" mbele ya jina lolote, umempata mwizi.


sautiya3 · Alhamisi, saa 5:10 asubuhi

Nimekompaili tena jana usiku. https iko, ffplay iko, fdk iko. Leo tumerusha ibada ya asubuhi kwa kbps 32. Mlinzi mmoja wa Kileleshwa ametuma ujumbe kwamba amesikiliza hadi mwisho kwa mara ya kwanza, na ameomba tupunguze kelele za kinanda. Asanteni sana, na hasa dada na Mzee.


Bila_Bando · Alhamisi, saa 5:22 asubuhi

Hongera kaka. Sasa nirushie hiyo ffmpeg yako niiweke kwangu huku Rongai, nina kazi kama yako.


sautiya3 · Alhamisi, saa 5:30 asubuhi

Hiyo siwezi ndugu yangu. Muhtasari wa configure umeandika "License: nonfree and unredistributable". Naruhusiwa kuitumia, siruhusiwi kuigawa. Lazima ukompaili yako.


Bila_Bando · Alhamisi, saa 5:33 asubuhi

Basi nipe zile .deb (faili za pakeji) za -dev kwenye flashi, nisizipakue. Nami niko Debian 12. Naingia matatu sasa hivi.


sautiya3 · Alhamisi, saa 5:35 asubuhi

Hizo sawa kabisa. Zote ziko /var/cache/apt/archives. Karibu, kuna chai.


dada_wa_Ngara · Alhamisi, saa 6:12 mchana

@sautiya3 swali dogo. Uliziweka kwa apt au kwa apt-get?


sautiya3 · Alhamisi, saa 6:14 mchana

apt. Kuna tofauti?


dada_wa_Ngara · Alhamisi, saa 6:15 mchana

apt-get huziacha .deb pale. apt ikimaliza kuweka huzifuta. Hebu piga ls kwenye hiyo folda kabla mtoto wa watu hajafika mjini.


sautiya3 · Alhamisi, saa 6:17 mchana

lock na partial. Basi.

@Bila_Bando uko wapi?


Bila_Bando · Alhamisi, saa 6:20 mchana

Nimeshapita Bomas.